TAHADHARI: Ukioneshwa mapovu kwenye rejeta ukaambiwa hedi gasketi imeungua, usitoe hela kwanza

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa bado na hasira kwahiyo mnisamehe nikiruka ruka. Kuna mchezo unachezwa na baadhi ya mafundi hapa Dar na mimi nimepigwa laki 4 na elfu 25 kwa kazi ambayo haikufanyika kabisa, yaani kubadilisha hedi gasketi (ile pakingi inayoziba kati ya hedi, kipande cha juu cha injini, na bloku chini yake). Jina la gereji silitaji maana sitaki kesi, ila mchezo wenyewe nausema wote ili ukikutana nao uujue.

Gari yangu ni Toyota IST, injini 1NZ. Ijumaa natoka Morogoro, kufika Mlandizi hosipaipu ya chini ya rejeta ikapasuka maji yote chini. Nikapata fundi wa barabarani, kijana mstaarabu tu, akafunga hosi nyingine, akamimina maji na ndoo fasta fasta mpaka yakajaa juu, akafunga mfuniko, "bosi twende kazi". Nikafika nyumbani salama. Huyo simlaumu sana, alikosea ila hakuniibia.

Jumatatu asubuhi niko foleni Ubungo, taa nyekundu hiyo ikawaka. Wenye IST mnajua hatuna mshale wa temperecha, tuna taa ya bluu injini ikiwa ya baridi na nyekundu ikichemsha, basi, ukiona nyekundu ujue mambo yameshaharibika kitambo. Nikapaki pembeni nikazima, boneti hata sijaisimamisha vizuri kijana kashafika, "braza pole, hiyo inachemsha, gereji yetu ipo hapo nyuma tu". Alitokea wapi sijui. Tukaisukuma.

Sasa hapa soma taratibu. Fundi mkuu akasubiri ipoe, akafungua mfuniko wa rejeta, akaongeza maji kidogo, akaniambia nipige stata. Mapovu yakaanza kutoka pale mdomoni blu blu blu, maji yanarukia mpaka kwenye feni. Akanishika bega, "bosi njoo uone mwenyewe, usije ukasema fundi muongo, haya mapovu ni moshi wa injini unaingia kwenye maji, hedi gasketi imekwenda". Na kweli mapovu nimeyaona kwa macho yangu, nabisha vipi na mimi kazi yangu ni kuuza vitenge?

Akanipigia hesabu kwenye kipande cha boksi: gasketi 70,000, kuskimu hedi (kuisawazisha uso kwa mashine) 60,000, oili na filta 75,000, kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) 40,000, ufundi 180,000. Nikalipa yote, nikaacha gari. Jumatano nikaikuta imeoshwa mpaka injini, inawaka vizuri, taa ya bluu imezima kama kawaida, nyekundu haipo. Tena akanipa na gasketi ya zamani kwenye mfuko, nyeusi imeungua pembeni, "hii nenda nayo bosi, ushahidi". Nikamuona mtu muaminifu kweli! Nikamuachia na elfu 5 ya soda.

Jumamosi taa nyekundu tena. Nampigia anasema ooh basi hedi yenyewe itakuwa imepata krek, tutafute hedi yuzdi, laki 6 mpaka 7. Hapo ndo akili ikanirudi. Nikachomoa ile stiki ya oili, wakuu, oili nyeusi tii kama lami. Nililipia oili mpya siku tano nyuma!

Jumapili nikaipeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu Kimara, fundi wa siku nyingi, hana hata bango, anatengenezea chini ya mwembe. Hakugusa spana. Kitu cha kwanza akaniuliza, "mwanangu, kabla haijaanza kuchemsha kuna mtu aligusa mambo ya maji?" Nikamwambia hosi ilipasuka Mlandizi. Akacheka. Akawasha gari, akazungusha kitufe cha hita mpaka mwisho kwenye nyekundu, akaniambia weka mkono hapo. Injini inakaribia kuchemsha lakini hita inapuliza upepo wa baridi kama friji. Kwa Dar nani anawasha hita, mimi sikuwahi kuigusa toka ninunue hiyo gari. Akasema umeona, maji ya moto hayafiki kule, njiani kuna hewa imekaa, huu ni upepo tu mwanangu.

Alivyonielewesha ni hivi, maji yakimiminwa haraka hewa inakosa pa kutokea, inabaki kwenye hedi na kwenye mabomba ya hita. Wota pampu inasukuma maji lakini hewa haiwezi kuisukuma vizuri, themostati (kale kamlango kanakofungulia maji yazunguke kwenye rejeta) nayo inataka iguswe na maji ya moto ndo ifunguke, ikizungukwa na hewa inachelewa, basi injini inachemka na maji yapo. Na ile hewa ukifungua mfuniko gari ikiwa inaunguruma lazima itoke, sasa itatokaje bila mapovu? Kwahiyo yale mapovu niliyooneshwa kama msiba ndo yalikuwa dawa yenyewe inaanza kufanya kazi. Yule bwana aliyaacha yatoke toke kidogo, akafunga, akaosha injini, akachukua laki 4. Hata kuutoa upepo wote alishindwa.

Mzee alivyofanya (injini ikiwa BARIDI jamani, msifungue mfuniko wa moto, yale maji yana presha yatakuchubua uso): alipandisha mbele ya gari kwenye kale kamlima ka geti lake ili mdomo wa rejeta uwe juu. Akachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaikata kitako, akaisokomeza kwa shingo kwenye mdomo wa rejeta akazungushia kitambaa. Akajaza kulanti mpaka nusu ya chupa, polepole, huku anaminya ile hosi kubwa ya juu kwa mkono, anaminya anaachia, na kila akiachia linatoka povu kubwa moja kwenye chupa kama mtu anabeua. Hita kwenye moto mwisho. Akawasha, akaiacha inaunguruma yenyewe kama robo saa, mara moja moja anakanyaga mafuta kidogo. Kuna muda kimya kabisa halafu ghafla chupa yote ikashuka gluup, akasema hiyo ndo themostati imefunguka, akaongeza. Alisubiri mpaka feni ikawaka na kuzima mara mbili, mapovu yakawa yameisha kabisa, na hita sasa inachoma vidole. Akafunga, akajaza na rezevu (kile kidumu cha maji ya akiba) mpaka alama ya FULL, akaniambia kesho asubuhi kabla hujawasha angalia tena kama imeshuka uongeze. Ilishuka kidogo, nikaongeza, mpaka leo wiki ya tatu haijashuka.

Elfu 20. Pamoja na kunisimanga.

Na hakuishia hapo maana nilimwambia nataka uhakika kama gasketi ni nzima. Ana kichupa cha kupimia chenye maji ya bluu, unakiweka pale kwenye mdomo wa rejeta kinavuta hewa ya mle ndani, kama kuna moshi wa injini yale maji yanageuka njano. Tulikaa nacho dakika kumi yakabaki bluu vile vile. Akasema gasketi ikiwa imekufa kweli mapovu hayaishi hata ukae mchana kutwa, hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe muda mfupi tu baada ya kuwasha asubuhi, maji yanapungua kila siku na huoni yanapovujia, wakati mwingine oili inakuwa kama chai ya maziwa au moshi mweupe mzito nyuma. Si lazima dalili zote zije pamoja ila mimi sikuwa na hata moja. Kwahiyo ukiambiwa habari ya hedi, hasa kama siku chache nyuma ulibadilisha hosi, rejeta au wota pampu, mwambie fundi atoe upepo kwanza mbele yako na apime, akigoma sukuma gari yako uondoke.

Akanionesha pia kava ya mbele ya injini inayofunika cheni, akasema kwenye hii 1NZ huwezi kutoa hedi bila kufungua hii, na silikoni yake ni ile ile ya kiwandani haijaguswa. Kilichooshwa ni nje tu. Na ile kulanti ya elfu 40 ilikuwa maji yenye rangi, aliimwagia kwenye kitambaa cheupe akacheka tena.

Nilirudi kule gereji. Fundi mkuu "kasafiri", kijana wa kusukuma magari ananiambia yeye ni kibarua tu, namba ya fundi haipatikani mpaka naandika hapa. Risiti sina, nilipewa kipande cha boksi.

Kilichoniuma zaidi ni ile gasketi ya ushahidi. Nilimpelekea mzee kwenye mfuko wake, akaitoa akainyanyua juu akachungulia, akaniuliza "gari yako ina plagi ngapi?" Nikamwambia nne. Akasema haya hesabu haya matundu makubwa. Nikahesabu. Matatu. Nikahesabu tena. Nimekaa na hicho kitu kwenye buti siku nne najiona nina ushahidi.

Mzee anasema itakuwa ya Passo, ile Toyota ndogo ya plagi tatu. Kama kuna mwenye Passo alifunguliwa hedi mitaa ile mwezi uliopita, gasketi yako ninayo mimi.