Stendi ya kamera ya miguu ya kupinda: usinunue kabla hujapima kamera yako

Assalam alaykum, karibuni tena. Leo mkiniona kwa kutokea chini msishangae, sijarefuka. Kamera imejizungusha kwenye kigingi cha kufungia ngalawa, hapa ufukweni Nungwi, na kilichoishika ndicho tunachokizungumza leo: stendi ndogo ya miguu mitatu ya kupinda. Wengine wanaiita stendi ya pweza. Maji yameshaanza kujaa, kwa hiyo twende moja kwa moja.

Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya bei poa, miguu ya waya imevikwa sponji. Kwa simu, hakuna neno. Siku moja nikaipandisha Canon 200D, nikaiweka juu ya ukuta wa Forodhani jioni, nikageuka kununua maji ya miwa. Narudi naikuta kamera inainama taratibu, kama abiria anayesinzia kwenye daladala ya mwisho. Sikuiwahi. Bahati ilidondokea upande wa bustani, siyo wa bahari. Kioo cha lenzi kilipona, ila kingo yake ilibonyea, na mpaka leo chujio, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi, haliingii.

Sasa kosa lilikuwa la nani? Langu. Nilitazama stendi, sikutazama uzito.

Hebu tufanye hesabu. Canon 200D na betri yake ni gramu 453. Lenzi ya 18-55 inayouzwa nayo ni kama gramu 215. Jumla gramu 668. Sony a6400 na kilenzi chake cha 16-50 haifiki hata gramu 550. Lakini chukua Sony A7 III, uifunge ile 24-70 ya f/2.8 ya GM, lenzi za daraja la juu za Sony, toleo la kwanza: hapo umeshavuka kilo moja na nusu, na zaidi ya nusu ya uzito huo uko kwenye lenzi, yaani mbele. Hujui kamera yako ina uzito gani? Nenda kwa mwenye duka la mtaani, mwambie akupimie kwenye mizani ya sukari. Atacheka, lakini atakupimia.

Mnaona ninapoelekea. Stendi haiangushwi na uzito peke yake, inaangushwa na uzito unaoinama. Kiwandani wanakuandikia inabeba kilo kadhaa, na kweli inabeba, kamera ikiwa imekaa wima imetulia. Ukiilaza ubavu kupiga picha ya wima, au ukiinamisha lenzi chini, gololi ya kichwani inayogeuza kamera na viungo vya miguu vyote vinavutwa upande mmoja. Mimi kanuni yangu ni kununua inayobeba mara mbili ya uzito wa kamera yangu na lenzi yake. Wauzaji hawaipendi kanuni hii.

Za viungo vya duara, vile vya plastiki vinavyoingiana kama uti wa mgongo wa papa, zilizojulikana zaidi ni GorillaPod za kampuni ya JOBY, zipo sokoni tangu 2006. Namba zake zinajieleza: 1K inabeba kilo 1, 3K kilo 3, 5K kilo 5. Kwa simu na kamera za mfukoni, 1K inatosha. Kwa wengi wenu mnaosafiri na kamera ndogo na lenzi moja, 3K ndiyo jibu: urefu kama sentimita 30, inaingia ubavuni mwa begi la mgongoni. 5K ni ya wenye lenzi nzito, na yenyewe ni nzito pia, kwa hiyo kama kamera yako ni nusu kilo utakuwa unabeba mzigo wa mtu mwingine. Wapo watengenezaji wengine wengi, na baadhi wanafanya kazi nzuri. Usibishane na jina, jaribu viungo.

Unajaribuje? Ukiwa dukani, funga kamera YAKO, siyo ya muuzaji. Ilaze ubavu. Hesabu mpaka sitini. Ikishuka hata kidogo, iache hapo hapo. Kisha pinda mguu mmoja: uwe mgumu, ukupe kazi kidogo. Ukiwa laini siku ya kwanza, baada ya mwaka utakuwa mlenda, maana viungo hivi vyote hulegea kwa kutumika. Zile za waya haziulizwi sana. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja hukatika ndani ya sponji, na wewe huoni.

Nije kwenye sehemu ninayoipenda. Mji Mkongwe, stendi ndefu ni kero. Vichochoro vyembamba, vespa inapita, mama na mizigo anapita, wewe umetandaza miguu mitatu katikati ya njia. Lakini nyumba nyingi zina baraza nje! Baraza ni stendi tayari, la jiwe, halitikisiki. Omba ruhusa kwa wenye nyumba, salimia waliokaa, weka kastendi kako pembeni. ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), kamera ikae wazi sekunde 4, taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise, na ile kazi ya kutuliza mtikisiko kwenye lenzi uizime. Taa za kichochoro zinatulia, wapitaji wanakuwa kama moshi. Tafadhali, msizungushe miguu kwenye milango ya nakshi. Mlango wa watu siyo mti.

Ukiweka mahali bapa, mguu mmoja uelekee mbele, chini ya lenzi. Watu wengi wanauweka nyuma, ndiyo maana kamera inapiga sijida. Kwenye nguzo, miguu miwili izunguke, wa tatu uukandamize kwenye nguzo kama mtu anayejiegemeza. Chuma laini kinateleza, kwa hiyo ukanda wa kamera uzungushe hapo hapo, mambo yakiharibika ining'inie, isianguke. Kwenye reli ya boti ya kwenda Dar msijisumbue na picha za sekunde nyingi: injini inatikisa boti, boti inatikisa stendi.

Na isiyoyaweza niyaseme. Picha ya familia usawa wa macho, hapana, labda upate ukuta au boneti ya gari. Lenzi ndefu za ndege na wanyama, hapana. Upepo wa kaskazi ukivuma pwani, ishushe iguse mchanga.

Mchanga wenyewe ndio adui. Ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, uiache ikauke kivulini. Usitie mafuta kwenye viungo hata vikipiga kelele. Kinachoshika pale ni msuguano, ukitia mafuta umejitengenezea mlenda mwenyewe. Kiungo kikichomoka usilie, kisukume kwa nguvu kitaingia.

Aliyeniuliza kama 3K itabeba 200D yake na lenzi ya 18-55: ndiyo, na bado inabaki nafasi ya maikrofoni. Aliye na lenzi ya 24-70 niliyoitaja, twende 5K, na... ngoja, ngoja. Wimbi limefika kwenye kigingi. Bwana we, nishikie hiyo begi nije niitoe.