Tabia au fikra: nadharia ipi inamweleza mtu vizuri zaidi?

Wanafunzi wa saikolojia hawachoki kubishana: tumweleze mtu kwa mtazamo wa kitabia, unaoangalia matendo, au wa kiutambuzi, unaoangalia fikra?

Kwa ushahidi, wanatabia wako mbele. Tangu mwanzilishi wao, John Watson, mwaka 1913, wameshikilia kinachoonekana: kichocheo na mwitikio, basi. Panya wa mwanatabia mwingine, B. F. Skinner, akibonyeza wenzo akapata chakula, atabonyeza tena, nawe unahesabu. Fikra huzioni, wanautambuzi wa upande wa pili huzikisia kutokana na makosa ya mtu na muda anaochukua kujibu.

Kwa upana wa maelezo, mizani inageuka. Mwanasaikolojia Edward Tolman aliwaacha panya wazurure kwenye vichochoro bila tuzo yoyote. Chakula kilipowekwa, wakakifikia upesi, kana kwamba ramani walishaichora kichwani. Na lugha je? Mtoto hutunga sentensi ambayo hajawahi kuisikia. Nani alimtuza kwa hiyo? Hapo, kwa maoni yangu, wanatabia hawajawahi kujibu vizuri. (Wanautambuzi nao, kwa kumfanya mtu kompyuta, husahau kwamba ana hasira na njaa.)

Kwenye tiba, inategemea shida. Anayeogopa mbwa huzoeshwa mbwa hatua kwa hatua, maneno mengi hayamsaidii. Kwa mwenye sonona anayejiambia "sifai kitu", daktari wa akili Aaron Beck, miaka ya 1960, alianza na wazo lenyewe. Siku hizi watabibu wengi huchanganya njia zote mbili.

Mwalimu wa chekechea mwenye darasa la kelele ataanza na tuzo. Anayeshangaa kwa nini mwanafunzi hodari hufeli hesabu kila mtihani, amuulize anawaza nini akifungua karatasi.