Vyuma au mashine: cha kununua kwanza, cha kulipia jimu na cha kukikimbia

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza, "Kaka, nina hela kidogo nataka nianze tizi nyumbani, ninunue dambeli au ile mashine ya kila kitu?" Huwa nacheka kwanza ndo najibu, maana hiyo mashine ya kila kitu, ile fremu moja ya waya na uzito ya kufanyia mazoezi yote, nishawahi kuinunua mimi mwenyewe kwa hela yangu. Ilikaa sebuleni kwangu hapa Dar miezi minane, mitano ya kufanyia mazoezi na mitatu ya kuanikia mataulo. Habari zake nitamalizia huko chini.

Jibu langu fupi ni hili: kama hela yako ni ya kununua kitu kikae nyumbani, nunua vyuma. Kama roho inataka mashine, kalipie jimu, waache wenyewe wahangaike na waya na beringi.

Na kabla watu wa vyuma hawajaanza kunipigia makofi, sijasema mashine ni mbaya. Kuna huu upuuzi wa vijana wa vyuma kwamba mashine ni za akina mama na wagonjwa. Tafiti zilizowalinganisha watu wa pande zote mbili zimekuta misuli inakua karibu sawa tu, mradi unasukuma mpaka unachoka kweli. Tofauti inakuja kwenye nguvu, kwamba unakuwa na nguvu zaidi kwenye kile kifaa ulichokizoea, aliyezoea kusukuma miguu kwenye mashine ukimpeleka kwenye skwati ya bar (kuchuchumaa na kuinuka na chuma kirefu mabegani) anatetemeka kama mtoto wa mbuzi, na wa bar naye ukimweka kwenye mashine hatambi kama alivyodhani. Kwa hiyo hapa hatubishani kipi kinajenga mwili, tunaongelea hela, nafasi, na kitu kitakachodumu.

Haya, naanza na namba moja.

Namba moja ni dambeli za kubadilisha pleti (vile visahani vya chuma vya uzito), pea moja, na benchi imara. Sio zile za uzito mmoja zisizobadilika. Zile ni nzuri kushika ila baada ya miezi miwili ya kilo 5 unataka 7.5, halafu 10, unajikuta unanunua pea kila msimu na chumba kimejaa. Za pleti unaongeza kidogo kidogo. Kwa mwanaume anayeanza, seti inayokupeleka mpaka kilo 20 kila mkono inakutosha muda mrefu kuliko unavyodhani, kwa mwanamke hata 10 au 12 kila mkono ni mwanzo mzuri sana (na hapana dada, hautaamka asubuhi umekuwa baunsa, wenzio wanautafuta huo mwili miaka na hawaupati). Hakikisha tu seti ina zile pleti ndogo za kilo 1.25, maana bila hizo ukitaka kupanda unaruka kilo nyingi mara moja na bega linakuambia.

Sasa ukiwa dukani, Kariakoo au popote, usiangalie rangi. Angalia tundu la pleti. Kuna za milimita 25, kuna 28 mpaka 30, na kuna zile kubwa za 50 ambazo ni za bar za Olimpiki. Watu wananunua bar leo, pleti mwezi ujao kwa mtu mwingine, wanafika nyumbani pleti inacheza kama bangili au haiingii kabisa. Nenda na futi, pima, usimuulize muuzaji maana yeye kila kitu kinaingiliana. Halafu angalia nati za mwishoni, zungusha mpaka mwisho na urudishe, zikigoma katikati au zikilegea zenyewe achana nazo, dambeli ikiwa juu ya uso wako sio wakati wa kugundua kwamba nyuzi za nati zimekufa.

Halafu kuna kilo na paundi. Hapa wengi wanapigwa, na muuzaji wala hajadanganya, ni wewe hujasoma. Pleti imeandikwa 45 unachekelea umepata kilo 45 bei chee, kumbe LB, yaani paundi, ambazo ni kilo 20 na kitu. Paundi 100 ni kilo 45. Chukua namba ya paundi gawa kwa mbili, toa tena kidogo, umekaribia. Ukishajua kilo halisi, gawa bei yote kwa kilo. Hiyo bei ya kilo moja ndo unayotembea nayo duka hadi duka, na ndo utagundua kwamba seti iliyofungwa kwenye kiboksi kizuri chenye mkono wa plastiki inauzwa kilo kwa bei mara mbili ya pleti chakavu za yule jamaa wa mtumba, na chuma ni chuma, hakiishi muda wake. Mimi natembea na vitu viwili: kamzani kadogo ka kuning'iniza, kale ka kupimia begi la safari, na kasumaku nilikochomoa kwenye spika mbovu. Mzani unajulikana kazi yake. Sumaku nitawaambia.

Zile dambeli za kisasa za kuzungusha kitufe zinajibadilisha uzito zenyewe? Tamu sana kutumia, sikatai, zinaokoa nafasi. Ila ndani kuna vidude vya plastiki, ukiziangusha mara moja vibaya kitufe kinagoma, na spea hapa utatafuta mpaka uzeeke. Kama wewe ni mtu wa kubwaga vyuma ukimaliza raundi, hazikufai.

Benchi usiibanie. Watu wanaweka hela yote kwenye vyuma halafu wanalalia benchi la miguu ya mabomba membamba. Uzito ulioandikwa pale ni pamoja na mwili wako, wewe una kilo 80 na umeshika 40, hapo ni 120, benchi limeandikwa 110, unaona mwenyewe. Lilalie dukani, jitikise kushoto kulia, likilia usinunue. Ukikosa la kueleweka nenda kwa mafundi wa kuchomelea pale mtaa wa Gerezani hapa Dar, au kama uko Nairobi wale wa Kamukunji, mwambie unataka bomba nene la mraba na miguu mipana, mara nyingi atakutengenezea kitu cha kurithisha wajukuu. Ubao wa juu na sponji ndo umsimamie, sponji laini la kochi linabonyea mwezi mmoja.

Namba mbili, na hapa najua wengine mtashangaa maana sio kitu cha kubeba nyumbani, ni kulipia jimu yenye mashine nzuri. Kuna watu kwao hii ndo namba moja kabisa: mtu mzima wa miaka 60 anayeambiwa na daktari aimarishe misuli, mtu aliyetoka kuumia goti au mgongo, na mtu ambaye hajawahi kushika chuma na anaona aibu. Mashine inakushika njia, unachomeka pini, unakaa, unasukuma, ukishindwa unaachia na hakuna kinachokuangukia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, hizo siku mbili za jimu ya mtaani ya kulipia kwa siku hazikufilisi. Na kuna misuli ambayo dambeli zinaisumbukia, ya nyuma ya paja na ya mbavu za mgongo, mashine ya kukunja mguu na ile ya kuvuta kutoka juu zinaimaliza vizuri sana.

Usilipe mwaka mzima siku ya kwanza hata wakupe punguzo la namna gani. Nenda saa 12 jioni siku ya Jumatatu, hiyo ndo saa ya ukweli, uone foleni. Angalia waya za mashine, ile ngozi ya plastiki ikiwa imechunika mpaka nyuzi za chuma zinaonekana, hapo usivute. Angalia kama kiti kinapanda na kushuka, maana nyingi zimepimwa kwa watu warefu na mtu mfupi akikaa bega lake haliko pale mashine inapogeukia, huko ndo kuumia kunakoanzia. Na kama kuna karatasi "MBOVU" kwenye mashine tatu na karatasi yenyewe imeshakuwa ya njano, aisee ondoka.

Namba tatu ni bar ndefu, pleti na stendi. Kwa nguvu halisi hakuna kinachoipita, skwati, dedilifti (kunyanyua bar kutoka sakafuni), benchi (kulala chali na kusukuma bar juu). Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya maisha yetu ya kupanga. Bar kamili ya Olimpiki ya wanaume ni kilo 20 na urefu ni mita 2.2, jaribu kuigeuza kwenye chumba chenye kitanda na kabati. Ya wanawake ni kilo 15 na mita 2 na kitu. Bar fupi za pleti za tundu dogo zipo na zinatosha wengi wetu, angalia tu isiwe bomba lenye uwazi ndani, hilo linapinda. Na ukipiga benchi peke yako bila mtu wa kukusimamia, nunua stendi yenye vyuma vya pembeni vya kudaka bar, au usifunge zile klipu za kubana pleti ili ukizidiwa uinamishe upande pleti zichomoke. Kelele zitakuwepo, jirani atagonga, lakini utakuwa hai. Watu wanakufa na bar shingoni, sikutishi.

Ketebeli, ile ya mpini juu kama birika, ni nzuri kwa mtu wa nafasi ndogo kabisa. Moja ya kilo 16 kwa mwanaume au 8 kwa mwanamke inakutoa jasho zima, ila ni uzito mmoja, haiongezeki. Mikanda ya mpira ni ya safari na ya kupasha mwili. Basi, hizo nimemaliza.

Zege je? Jamani tumekua na zege. Kopo la rangi la lita 4, bomba katikati, unamimina, unasubiri. Zege lita moja ni kama kilo 2.3 hivi, kwa hiyo kopo moja linakaribia kilo 9 au 10, makopo mawili na bomba una bar ya kilo 20 kwa bei ya nusu mfuko wa saruji. Simcheki mtu wa zege hata siku moja, kuna vifua huku mtaani vimejengwa na makopo tu. Shida ni kwamba makopo mawili hayafanani kamwe, bar inavuta upande mmoja, na zege likidondoka linapasuka. Anza nalo, usiishie nalo.

Huku pwani kuna adui mwingine, kutu. Hewa ya chumvi ya Dar, Zanzibar, Mombasa inakula chuma usiku na mchana. Vile ving'aavyo vinabanduka gamba ndani ya mwaka na gamba linachana viganja. Chukua chuma cheusi cha kawaida, kipanguse na kitambaa chenye mafuta ya cherehani mara moja kwa wiki mbili, na chini weka mpira mnene, sio kwa ajili ya chuma, kwa ajili ya vigae vya mwenye nyumba.

Sasa ya mwisho kabisa, ile mashine ya nyumbani ya kila kitu. Mashine za jimu zilianza kuwa na akili kule Marekani, Arthur Jones alipoanza kuuza Nautilus mwaka 1970, zile zenye gurudumu lililojikunja kama kombe la baharini, kwamba uzito uongezeke pale misuli ina nguvu na upungue pale ni dhaifu. Hii ya nyumbani haina hayo, ina kamba na roda tu. Na roda zina mambo yake, waya ukipitishwa kwenye roda inayotembea unavuta nusu, umechomeka 60 unavuta 30, unajiona simba. Mimi nilijiona simba miezi mitano mpaka waya ulipokatika nikiwa navuta, nikala mweleka mbele ya watoto. Dukani waliponiuzia wakaniambia spea zipo. Nilivyorudi wakaniuliza, spea ya nini?

Nikaita jamaa wa chuma chakavu. Akaja na mzani wake, akachukua fremu, akalipa. Zile pleti za uzito zilizovalishwa plastiki nyeusi akaigonga moja kwa nyundo, ikapasuka, ndani unga wa kijivu. Akaniangalia kwa huruma, "Hizi zege, kaka." Akaziacha hapo hapo mlangoni. Tangu siku hiyo ndo natembea na sumaku.