Joto la Dodoma: kipi ununue kwanza?

Kuanzia Septemba mwishoni hadi mvua zishike Desemba, jua la Dodoma linachoma bati mchana kutwa, ila hewa ni kavu na usiku unapoa. Mambo hayo mawili ndiyo yakuamulie ununue nini. Anayeiga Dar es Salaam, ambako unyevu haupungui hata usiku, atalipia umeme mwingi bila sababu. Tumepanga kuanzia kile ambacho shilingi yako inakupa nafuu kubwa zaidi.

1. Pangaboi

La inchi 56 linakula wati 60 hadi 80, yaani kwa saa 10 halimalizi uniti moja ya LUKU. Halipoozi chumba, linakausha jasho mwilini, kwa hiyo mkitoka lizimeni. Mapanga yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni na kama sentimita 30 chini ya dari. Likibanwa na dari halipati hewa ya kusukuma, na upepo haushuki. Fundi alining'inize kwenye mbao ya kenchi, kamwe si kwenye jipsamu peke yake. Siku likizunguka kichovu, au lisipoanza mpaka ulisukume kwa kijiti, usikimbilie kununua jipya. Mara nyingi ni kapasita, kile kijisanduku kinachosaidia mota kuanza, imechoka. Soma mikrofaradi (kipimo chake, µF) zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, mara nyingi 2.5, ununue ileile, na uzime swichi kuu kabla ya kuibadilisha.

2. Foili juu ya dari

Joto linalowatesa usiku linatoka juu: bati linapata moto, linamulika dari, na dari inawamulika ninyi. Foili ya kuezekea inakata mnyororo huo bila umeme. Anayejenga aitandaze kabla ya kupiga bati. Nyumba iliyokwisha, fundi anaifunga chini ya kenchi kupitia mlango wa dari. Upande unaong'aa uangalie chini, na uachiwe nafasi ya hewa isiyopungua sentimita 2.5. Ukiangalia juu, vumbi la hapa litaufunika na utapoteza kazi yake. Acha pia matundu pande zote mbili za paa, yenye wavu wa kuzuia popo, ili hewa ya moto itoke.

3. Feni ya maji

Hii ndiyo mashine ya hali ya hewa kavu. Inapitisha hewa kwenye pedi zilizolowa, maji yanavukizwa, hewa inapoa. Inakula wati 100 hadi 200 tu. Kosa kubwa ni kufunga madirisha kama vile ni kiyoyozi: unyevu unajaa chumbani, ndani ya saa moja mnatoka jasho la kunata. Fungua dirisha upande wa pili, na feni ikae karibu na dirisha lenye hewa safi. Chagua yenye pedi nene za matundu kama masega ya nyuki na tangi la lita 20 au zaidi, maana ndogo zinakauka usiku wa manane. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, hivyo pedi zinaota magamba meupe na upepo unapungua. Mwaga maji yote kila baada ya siku mbili tatu, na magamba yakianza, loweka pedi kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Mvua zikishaanza, itegemee kama feni ya kawaida tu.

4. Kiyoyozi

Kinunue kama kuna mgonjwa, mtoto mchanga, au chumba kisichopata upepo kabisa. BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) inatosha chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari. Chukua cha inverta, yaani kinachopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, na ufunge kilinda umeme. Cha kawaida cha ukubwa huo kinaweza kula uniti tano kwa usiku mmoja. Aliye kwenye tarifu ya bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi atazimaliza kabla mwezi haujaisha.

Vifeni vya USB vyenye kikopo cha maji tumeviacha nje kabisa. Hela hiyo nunua neti ya kivuli uifunge nje ya dirisha la magharibi, kwa sababu jua likishapita kioo, pazia la ndani limechelewa.