Mount Morgan na Livingstone: aliyebaki na aliyetoka

Tarehe 15 Machi 2008, serikali ya jimbo la Queensland, Australia, iliziunganisha halmashauri za Mount Morgan, Livingstone na Fitzroy na jiji la Rockhampton. Livingstone, yenye mji wa pwani wa Yeppoon, ilipiga kura ya kujitoa Machi 2013 na kurudi kuwa halmashauri yake yenyewe Januari 2014, gharama zikiwa juu ya wakazi wake wenyewe. Mount Morgan imebaki ndani hadi leo.

Nikipima historia, Mount Morgan ndiyo nzito. Dhahabu yake, iliyochimbwa tangu 1882, ilimtajirisha William Knox D'Arcy, naye akagharimia utafutaji wa mafuta Uajemi uliozaa kampuni ya BP. Lakini mgodi ulifungwa 1981, na dhahabu ya jana hailipi mishahara ya halmashauri.