Bluzi za zamani: anza na Louis Jordan, Robert Johnson atakusubiri

Mtu akiuliza aanzie wapi kwenye bluzi za zamani, jibu analopewa mara nyingi ni Robert Johnson. Ushauri huo umewapoteza wengi. Sauti moja, gita moja, santuri ya 1936 inayochakacha, na Kiingereza cha Mississippi ambacho hata Wamarekani wenyewe hukisikia kwa kubahatisha: baada ya nyimbo nne sikio limechoka, na msikilizaji anaondoka akiamini kwamba bluzi ni kilio kitupu. Kwa aliyezoea muziki wa dansi, wenye wapulizaji, besi inayotembea na mwimbaji anayechekesha ukumbi, mlango ni mwingine. Ni ile bluzi ya kuchezea iliyotamba Marekani kuanzia miaka ya 1940 hadi rock'n'roll ilipobisha hodi. Huitwa jampu bluzi, na mfalme wake ni Louis Jordan.

Jordan alizaliwa Brinkley, Arkansas, mwaka 1908, na chombo chake ni saksafoni ya alto. Bendi iliitwa Tympany Five, lakini ukihesabu kwenye santuri nyingi za katikati ya miaka ya 1940 unapata watu saba: alto yake mwenyewe, saksafoni nyingine nzito, tarumbeta, piano, gita, besi na dramu. Udogo huo ndio uliozaa sauti yenyewe. Bendi kubwa za swing, muziki wa dansi wa wakati huo, zilibeba watu 15 na zaidi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili petroli na matairi vilikuwa vya mgao huku vijana wakiitwa jeshini. Kuzungusha msafara wa namna hiyo mji kwa mji kukawa hasara. Jordan akabaki na wapulizaji watatu wanaopiga vipande vifupi kwa pamoja, vikali kama kofi, na mzigo uliobaki akawaachia besi, dramu na mkono wa kushoto wa mpiga piano.

Cha kununua ni "The Best of Louis Jordan" ya MCA, iliyotoka 1975: nyimbo 20, zote kutoka rekodi zake za kampuni ya Decca. Haikupangwa kwa tarehe, na hiyo ni kasoro kwa anayetaka kufuata bendi ilivyokua, ila uteuzi wenyewe ni mgumu kuupinga. Anza na "Choo Choo Ch'Boogie" ya 1946, iliyokaa kileleni mwa orodha ya nyimbo za Weusi ya jarida la Billboard kwa wiki 18. Gonga mguu mara nne kwa kila kifungu, yaani kipande kifupi cha wimbo chenye mapigo manne. Besi inakanyaga kila pigo bila kuruka hata moja. Dramu na piano zinagawa pigo sehemu tatu na kuiruka ile ya katikati, ndiyo maana mwili unayumba badala ya kwenda kwa gwaride. Halafu sikiliza Jordan anavyoimba: hapigi kelele, anaongea na wewe kwa tuni. Aliyesimamia rekodi hiyo ni Milt Gabler, na si ajabu kwamba miaka minane baadaye Gabler huyohuyo alimrekodi Bill Haley akiimba "Rock Around the Clock". Na ukisikia gita linavyofungua "Ain't That Just Like a Woman", ya 1946 vilevile, utadhani Chuck Berry wa rock'n'roll amepotea njia. Ni Carl Hogan. Berry ndiye aliyemchukulia, miaka 12 baadaye, kwenye "Johnny B. Goode".

"Saturday Night Fish Fry" ya 1949 inahitaji tahadhari. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ya inchi 10, ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Siti binti Saad na wenzake walibanwa na kipimo hichohicho walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV. Wimbo huu wa Jordan unapita dakika tano, kwa hiyo ulikatwa vipande viwili, upande A na upande B. Kuna mikusanyiko inayoweka kipande kimoja tu na kunyamaza. Faili ikionyesha chini ya dakika nne, umeuziwa nusu ya hadithi: polisi hawajafika bado kwenye sherehe.

Mtego mkubwa zaidi ni rekodi za marudio. Mwaka 1956 Jordan aliingia studio ya kampuni ya Mercury, Quincy Jones akipanga muziki, akarudia nyimbo zake maarufu. Si rekodi mbaya hata kidogo, ila ni kitu kingine: gita la Mickey Baker linauma, dramu ziko mbele, kila kitu kinakimbilia rock'n'roll. Kwenye programu za kusikiliza muziki mtandaoni matoleo haya mawili yamechanganywa chini ya jina moja na picha moja, na tarehe inayoandikwa huwa ni ya mwaka albamu ilipopakiwa. Ukitafuta za asili, tafuta neno Decca kwenye maelezo. Usipoliona, tegemea sikio: sauti ikiwa pana, inang'aa, na gita likifunika piano, hiyo ni ya 1956.

Ukishamzoea Jordan, nenda kwa wapiga kelele, waimbaji wa bluzi wa kupaza sauti. Wynonie Harris alirekodi "Good Rockin' Tonight" kwa kampuni ya King ya Cincinnati mwishoni mwa Desemba 1947, siku chache kabla chama cha wanamuziki hakijasimamisha kurekodi kote Marekani kuanzia Januari 1, 1948. Wimbo ni wa Roy Brown wa New Orleans, ambaye toleo lake la 1947 linaimbwa kwa sauti laini ya mtu wa kanisani. Yasikilize mfululizo. Harris ameongeza makofi kwenye pigo la pili na la nne, na makofi hayo ndiyo yaliyougeuza wimbo mzima. Udhaifu wake ni kwamba albamu nzima ya Harris ni pombe na wanawake kutoka mwanzo hadi mwisho. Sita au saba kwa mkupuo zinatosha.

Big Joe Turner ana pumzi zaidi. "Roll 'Em Pete", iliyorekodiwa Desemba 1938, ni sauti yake na piano ya Pete Johnson tu, na bado inajaza chumba kuliko bendi nzima. Anayeshindwa kuvumilia santuri kuukuu achukue "The Boss of the Blues", ya Atlantic, iliyorekodiwa 1956. Johnson yuleyule yupo kwenye piano, wapulizaji wa nguvu wamejipanga nyuma, na teknolojia ya kurekodi tayari imekua. Kama ni albamu moja tu ya aina hii kwa mtu mwenye spika nzuri, ni hii.

T-Bone Walker ndiye kiungo kati ya dansi na gita la umeme kama tunavyolijua leo. "Call It Stormy Monday" ya 1947 ni ya polepole, tarumbeta limezibwa mdomo, na gita linajibu kila mstari kwa noti chache zisizo na haraka. Hapo pia angalia tarehe, kwa sababu aliurudia kwa Atlantic miaka ya 1950 na toleo hilo liko kwenye "T-Bone Blues". Sauti yake ni safi zaidi, lakini ule unyamavu wa usiku wa manane uko kwenye la 1947. Big Mama Thornton na "Hound Dog", iliyorekodiwa Agosti 1952, haihitaji maelezo mengi: Johnny Otis kwenye dramu, Pete Lewis kwenye gita, na bendi inayobweka mwishoni. Anayeijua kwa Elvis peke yake atashangaa ilivyo nzito.

"Rocket 88" ya Machi 1951 imo karibu kila mkusanyiko. Jina lililoandikwa ni Jackie Brenston, bendi ni ya Ike Turner, studio ni ya Sam Phillips, Memphis. Kile kinachonguruma chini kama nyuki ndani ya debe ni gita la Willie Kizart. Spika ya amplifaya yake ilikuwa imeharibika, wakasokomeza karatasi ndani na kuendelea. Ukiisikiliza kwa spika ya simu hiyo ngurumo haipo kabisa, unabaki na saksafoni na kelele.

Jambo hilo la spika linahusu pia bluzi za Chicago. "The Best of Muddy Waters", ya Chess, ilitoka 1958 na nyimbo 12, nyingine zikiwa na umri wa miaka kumi tayari. "I Can't Be Satisfied" ya 1948 ina watu wawili: Muddy na gita la umeme analotelezesha, na Big Crawford akichapa nyuzi za besi kubwa hadi zinagonga ubao. Mchapo huo ndio dramu ya wimbo. Kwenye simu unatoweka. Vaa spika za masikioni, hata za bei rahisi. Kwenye "She Moves Me" ya 1951, ngoma kubwa inapigwa na Leonard Chess, mwenye kampuni, na inasikika wazi kwamba si kazi yake: du, du, du, kama mtu anayetwanga. Wimbo hauharibiki, unapata uzito wa ajabu ambao mpigaji wa kweli pengine angeuondoa.

Utasoma kila mahali kwamba bluzi ina vifungu 12 vya mapigo manne. Kwa Jordan na Harris hesabu inakubali. Ukimfikia John Lee Hooker na "Boogie Chillen'" ya 1948, acha kuhesabu. Kodi (chord, noti zinazopigwa pamoja) ni moja, mguu unagonga sakafu, na kifungu kinaisha anapoamua yeye.

Sasa rudi nyuma. Bessie Smith, "St. Louis Blues", Januari 1925: sauti yake, kinanda cha kanisani cha kukanyaga, na Louis Armstrong kwenye korneti akijibu mwisho wa kila mstari. Ilirekodiwa kabla maikrofoni hazijaingia kwenye studio za Columbia. Waliimbia pembe kubwa, na nguvu ya koo ndiyo iliyosukuma sindano. Usiongeze mlio mwembamba ukidhani utapata uwazi. Juu ya kilohezi (kHz) 5 hakuna muziki hapo, kuna mchakacho tu, hivyo punguza upande huo kidogo na uache wa kati ulivyo.

Robert Johnson anaingia hapa, sikio likiwa tayari. Alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937. Toleo la CD mbili la 1990 lina rekodi 41, na kosa lake ni la mpangilio: toleo la pili la wimbo linafuata papo hapo baada ya la kwanza, unausikia wimbo uleule mara mbili mfululizo mpaka unaudhi. Toleo la 2011 limeyapeleka marudio hayo mwisho wa kila CD. Nunua hilo. Charley Patton muweke wa mwisho kabisa. Kampuni yake, Paramount, ilikandia santuri kwa mchanganyiko hafifu, na mabamba asilia ya chuma yamepotea, kwa hiyo kila kinachouzwa leo kimetoka kwenye santuri zilizochakaa. Hakuna fundi atakayerudisha kisichokuwepo.

Kuhusu mafundi hao: rekodi zilizotoka kabla ya 1963 hazina ulinzi wa hakimiliki tena katika Umoja wa Ulaya, ndiyo maana kuna makasha ya CD nne yenye nyimbo mia kwa bei ya albamu moja. Mengine ni mazuri. JSP na Proper za Uingereza huweka kijitabu chenye tarehe na majina ya wapigaji. Kasha lisilotaja tarehe hata moja liache dukani. Jaribio la haraka ni mwisho wa wimbo, piano inapofifia: kama mchakacho unazimika ghafla na mlio unakufa nao, au herufi S zinasikika kama za mtu aliye chini ya maji, wamesafisha kupita kiasi. Mchakacho kidogo unaotulia palepale ni afadhali mara kumi. Jihadhari pia na albamu za miaka ya 1960 zilizogeuzwa stereo kwa ujanja, besi sikio moja na milio myembamba sikio la pili. Simu nyingi zina swichi ya sauti ya mono kwenye mipangilio ya usaidizi. Iwashe, kasoro itapungua ingawa haitaisha.

Na kama umebahatika kupata santuri yenyewe ya mizunguko 78, usiipige kwa sindano ya LP, santuri ndefu za baadaye. Mfereji wake unataka sindano pana mara tatu hivi, mili 3 badala ya 1 (mili ni sehemu ya elfu ya inchi). Ile nyembamba inazama hadi kwenye takataka za chini na kukuletea kelele tupu. Usiisafishe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha sherlaki, utomvu uliotengenezea santuri hizi, na ndani ya dakika moja uso wa santuri umekwisha. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kinachofuata mzunguko, lebo ikae kavu, kisha uisimamishe hadi ikauke kabla ya kuirudisha kwenye bahasha.