Programu ya hali ya hewa kwenye simu: nyota tatu, siku 45 zimeniudhi

Nakodisha maturubai na viti hapa Tanga, kwa hiyo mvua kwangu ni hela. Miezi minane sasa natumia hii programu ya bure. Kwa leo na kesho sina ugomvi nayo: ikisema mvua saa kumi, saa tisa na nusu vijana wangu washashusha pembeni. Bando haili sana. Matangazo yanavumilika.

Shida ni ukisogeza kidole mbele. Inakupa siku 45! Kila siku na kijua chake au kiwingu chake, mpaka saa. Mama mmoja alinijia mwezi mzima kabla ya harusi ya mwanawe, simu mkononi. "Dada, ona, siku hiyo jua tupu. Punguza, yabaki mawili." Nikapunguza, mteja ni mteja. Siku yenyewe masinia ya biriani yalikimbizwa varandani kwa jirani, wazee wamejifunika majamvi. Lawama? Zangu.

Mpwa wangu anayesoma hesabu ndiye aliyenifungua macho. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo cha MIT kule Marekani, alikuwa anakokotoa hali ya hewa ya kubuni kwenye kompyuta. Akataka kurudia kipande, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Kilichokatwa hakifiki hata sehemu moja ya elfu. Akaenda zake kunywa kahawa. Kurudi, anakuta hali ya hewa nyingine kabisa. Kosa dogo la leo linazaliana, na hakuna kipimo kinachoweza kupima upepo wa dunia nzima bila kukosea hata chembe. Wataalamu wenyewe wanakadiria mwisho wa kutabiri siku kwa siku ni wiki mbili hivi. Kupita hapo, kutaja siku na saa ni kubahatisha, hata kompyuta iwe kubwa kama hospitali yetu ya Bombo.

Zamani niliwacheka Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa utabiri wao wa vuli, "wastani hadi juu ya wastani", nikiona wanakwepa. Kumbe msimu wanausoma kwenye joto la bahari, ambalo hubadilika taratibu, na Jumamosi yako hawaigusi.

Wenye programu waondoe hivyo vijua baada ya siku ya kumi, waweke alama ya kuuliza, nitaongeza nyota ya nne. Kwa sasa kila oda naandika turubai moja la akiba, na asiyelitaka anatia saini.